Je, Mwenye Imani Ahuzunike?

Msibani hakosekani mtu wa kukemea. Mama aliyefiwa na mwanawe anaangua kilio, na kabla hajavuta pumzi sauti inasikika kutoka pembeni: nyamaza, huko ni kukufuru, muumini hahuzuniki kwa kazi ya Mungu. Mkemeaji huyo hana nia mbaya. Anaamini anailinda dini, na ushahidi anao, kwa kuwa chuoni alifundishwa kwamba katika Kurani Mwenyezi Mungu amewaambia mitume na waja wake, si mara moja wala mbili, wasihuzunike. Basi mama anakimeza kilio chake. Tangu hapo anabeba mizigo miwili: msiba wenyewe, na hofu kwamba kwa machozi yake amemkosea Mola wake.

Je, ni kweli kwamba kuhuzunika ni upungufu wa imani? Wafasiri, masufi, wanafalsafa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu walilijadili swali hilo kwa karne nyingi, na wote walilizunguka neno moja la Kiarabu ambalo mwanafunzi hukutana nalo katika masomo yake ya mwanzo kabisa: huzn.

Mswahili akilifikia neno hilo huwa hana haja ya kulikariri, kwani analo tangu utotoni. Maneno mengi ya hali za moyo Kiswahili kiliyachota kwa Waarabu: hofu ni khawf, furaha ni farah, shauku ni shawq, husuda ni hasad. Lakini neno likivuka bahari si lazima lifike na maana yake yote. Kwa Mwarabu, hasra ni majuto yanayochoma. Kwa Mswahili, hasira ni ghadhabu. Ndiyo maana anayesoma Sura Maryam, aya ya 39, inayoitaja Siku ya Kiyama kuwa siku ya hasra, anaweza kudhani inatajwa siku ya ghadhabu ya Mungu, kumbe aya inazungumzia majuto ya watu wenyewe. Hamm ni dhiki ya mawazo; hamu ya Mswahili ni kukitamani kitu. Hurma ni utukufu wa jambo lisilofaa kuvunjiwa heshima. Huruma ya Mswahili ni wema wa moyo.

Huzn imevuka salama. Huzuni ya Lamu na huzn ya Madina ni hali ileile ya moyo. Kilichobaki ng'ambo ni mjadala wake, na pasipo mjadala huo ni rahisi neno kugeuzwa fimbo ya kumchapia mfiwa.

Wanaleksikografia wa Kiarabu walianzia chini kabisa, ardhini. Ibn Faris, aliyefariki mjini Rayy mwanzoni mwa karne ya 11, anasema katika kamusi yake ya mizizi ya maneno kwamba herufi za neno hili, ha, zay na nun, zina asili moja: ugumu na ukwaruzo wa kitu. Hazn ni ardhi ngumu yenye mawe, isiyopitika kwa wepesi. Kinyume chake ni sahl, ardhi tambarare na laini, na neno hilo nalo liko katika Kiswahili: jambo jepesi huitwa sahali. Katika Sahihi ya Bukhari kuna hadithi ya mtu aliyeitwa Hazn, babu yake Said bin al-Musayyab, mmoja wa wanazuoni saba mashuhuri wa fikihi wa Madina. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimuuliza jina lake, kisha akamwambia kuwa tangu sasa yeye ni Sahl. Mzee akakataa kubadili jina alilopewa na baba yake. Said alikuja kusema baadaye kwamba ule ugumu haukuwatoka ukoo wao.

Kwa watu walioishi jangwani, basi, kuhuzunika kulikuwa ni moyo kupita penye mawe. Hakuna dhambi katika kupita penye mawe. Mtu anaumia miguu, anapunguza mwendo, anatafuta penye wepesi.

Katika Kurani mzizi huo umetumika mara 42. Mara 37 ni kitenzi, na aghalabu kitenzi hicho kinakanusha au kinakataza: hawatahuzunika, msihuzunike. Hapa ndipo mkemeaji wa msibani anapopata hoja yake. Lakini jina lenyewe, huzn, kwa umbo hili hili analolijua Mswahili, limetajwa mara mbili tu katika Kitabu kizima. Mara zote mbili ni katika Sura Yusuf, aya ya 84 na ya 86, na mara zote mbili ni huzuni ya mtu mmoja: Mtume Yaakub.

Kisa kinajulikana na kila mtoto wa madrasa. Yusuf anatupwa kisimani na kaka zake, kanzu yake inarudishwa nyumbani ikiwa na damu ya uongo, na baba anasema kuwa la kwake ni subira njema. Miaka inapita. Mtoto mwingine naye anazuiliwa Misri, na baba anarudia maneno yaleyale ya subira. Mara tu baada ya kuyatamka anawapa wanawe kisogo, anamlilia Yusuf, na macho yake yanageuka meupe kwa huzuni. Mtume wa Mungu, aliyeahidi subira njema mara mbili, analia mpaka anapofuka.

Kinachofuata ndicho kinachopasa kusomwa polepole. Wanawe wanamkemea. Wanamwambia hataacha kumtaja Yusuf mpaka augue au aangamie. Wakemeaji wa Yaakub ni walewale waliomtupa Yusuf kisimani. Mzee anawajibu kwamba shida yake na huzuni yake anaishitakia kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Kisha, huku akiwa bado kipofu na bado analia, anawatuma warudi Misri wakamtafute Yusuf na nduguye, na anawaonya wasikate tamaa na rehema ya Mungu, kwani wanaokata tamaa ni makafiri.

Mpaka umechorwa wazi hapo, na aliyeuchora ni mfiwa mwenyewe. Huzuni ni jambo moja na kukata tamaa ni jambo jingine. Yaakub anayo ya kwanza kwa wingi wa kumpofusha, na hana hata chembe ya la pili. Hakuna aya inayomlaumu kwa kulia, wala hakuna inayosema alipungukiwa na imani. Mwishoni kanzu ya Yusuf inaletwa, inawekwa usoni pake, na macho yanaona tena.

Lakini zile aya zinazosema msihuzunike, zisomweje? Njia ya kwanza ni kuangalia zilisemwa wapi na kwa nani. Katika pango la Thaur, mwaka 622, Mtume na Abu Bakr wamejificha, maadui wapo juu yao, na Mtume anamwambia sahibu yake asihuzunike kwa kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Mama yake Musa anaamriwa amtie mtoto mtoni, anaambiwa asiogope wala asihuzunike, na papo hapo anapewa ahadi kwamba mtoto atarudishwa kwake. Bi Maryam yuko chini ya mtende katika uchungu wa kuzaa, amefikia kutamani angekufa kabla ya siku hiyo. Anaitwa asihuzunike, anaonyeshwa kijito cha maji kilicho chini yake, na anaambiwa autikise mtende apate tende mbivu. Baada ya vita vya Uhud mwaka 625, ambako takriban Waislamu 70 waliuawa, waliosalia wanaambiwa wasilegee wala wasihuzunike, na kwamba wao ndio watakaokuwa juu wakiwa ni waumini.

Katika mifano hii yote neno hilo limekuja na kitu mkononi: maji, tende, ahadi, mwenzi wa karibu. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo lilipokuja peke yake. Hivyo ndivyo mama anavyomwambia mtoto aliyeanguka anyamaze huku tayari amemwinua na kumpangusa vumbi. Umbo la kitenzi ni la kukataza, kazi yake ni kubembeleza. Na kama kuna shaka yoyote, Sura Al-An'am, aya ya 33, inaiondoa: Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake kwamba anajua fika kuwa wanayoyasema watu yanamhuzunisha. Huzuni ya Mtume imetajwa, imetambuliwa, na hakuna karipio.

Maisha ya Mtume yanathibitisha hilo. Mnamo mwaka 619, katika mwaka wa kumi wa utume, alifiwa na Bi Khadija, mkewe wa zaidi ya miaka 20, na Abu Talib, ami yake aliyemlea na kumkinga. Wanahistoria wa Kiislamu waliupa mwaka huo jina la Am al-Huzn, Mwaka wa Huzuni. Umma uliouita hivyo mwaka wa maisha ya Mtume wake haukuona aibu kwamba Mtume alihuzunika.

Miaka 13 baadaye, Madina, mwanawe mdogo Ibrahim, aliyezaliwa na Mariya Mkibti, alikuwa anakata roho kabla hajatimiza miaka miwili. Mtume alimpakata na machozi yakamtoka. Abdurrahman bin Auf alishangaa, akauliza kama hata yeye Mjumbe wa Mungu analia. Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Kisha Mtume akaeleza kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, bali ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Siku hiyo jua lilipatwa, na wataalamu wa falaki wamehesabu kuwa kulikuwa na kupatwa kwa jua tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakaanza kusema kwamba hata jua limeomboleza kifo cha Ibrahim. Baba aliyetoka kumzika mwanawe akasimama kuwarekebisha: jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake.

Mambo mawili yalikutana siku moja katika moyo wa mtu mmoja. Alilia kama baba, na hakukubali huzuni yake igeuzwe kuwa uongo juu ya mbingu. Anayedhani kwamba mwenye kulia ameacha kufikiri, au kwamba mwenye elimu hana machozi, atazame hapo.

Kilichokatazwa, kwa hiyo, ni nini? Hadithi zinataja mambo ya nje: kujipiga makofi mashavuni, kuchana nguo, kupiga mayowe ya kijahilia. Katika Uarabuni ya kale walikuwapo wanawake waliokodiwa kuomboleza, na maombolezo yao yaliweza kuamsha visasi vya koo. Kuhusu muda, mwanamke asiye mjane haruhusiwi kuacha kujipamba kwa ajili ya maiti zaidi ya siku tatu, na mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Ummu Habiba, mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake Abu Sufyan, aliagiza manukato siku ya tatu akajipaka. Alisema hakuwa na haja nayo, ila alitaka kuifuata hukumu hiyo. Sheria ilimtaka ajipake manukato. Haikumtaka aache kumkumbuka baba yake, na maneno yake mwenyewe yanaonyesha kuwa moyo ulikuwa bado mzito.

Lipo pia lile linalorudiwa sana misibani, kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake. Wanaolitaja kwa nadra husimulia sehemu yake ya pili. Bi Aisha alipolisikia likinukuliwa kutoka kwa Ibn Umar alilikosoa. Alisema Ibn Umar hakudanganya bali alisahau au alikosea, kwa kuwa Mtume alisema maneno hayo juu ya mtu maalumu ambaye hakuwa Mwislamu, na akakumbusha kwamba kwa mujibu wa Kurani hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Wanazuoni wengine wakaja na tafsiri kwamba anayeadhibiwa ni yule aliyeusia aombolezwe kwa mayowe. Vyovyote iwavyo, kumwambia mjane kwamba machozi yake yanamchoma mumewe kaburini ni kuchukua jambo lenye mjadala mzito na kulifanya silaha.

Wanafalsafa walilichukua suala hili kwa njia yao. Al-Kindi, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 873 na ambaye huitwa mwanafalsafa wa Waarabu, aliandika risala juu ya namna ya kuziondoa huzuni. Nakala yake ya kale ilihifadhiwa Istanbul na ikachapishwa mwaka 1938. Anaanza kwa kuipa huzn maana: ni maumivu ya nafsi yanayotokana na kupotewa na kipendwacho au kukosa kitafutwacho. Dawa yake inatoka humo humo. Vitu vya dunia hii hupotea kwa asili yao, hivyo mwenye kutaka asihuzunike kamwe anataka ulimwengu usiwe ulimwengu. Anasimulia kuwa Sokrates aliulizwa kwa nini hahuzuniki, akajibu kwamba hamiliki kitu ambacho kikipotea kitamhuzunisha. Anasimulia pia jinsi Iskandar Mkuu alivyomwandikia mama yake aandae karamu ya kifalme na asialike ila mtu ambaye hajawahi kupatwa na msiba. Siku ilipofika hakutokea hata mmoja, na mama akaelewa alichoambiwa na mwanawe.

Hoja ya al-Kindi ina nguvu kwa aliyepoteza mali au cheo. Kwa mzazi aliyefiwa ina ukali unaopita kipimo, kwa sababu haiwezekani kumpenda mtoto kama mtu asiyemiliki kitu. Lakini kisa cha karamu kina hekima ambayo watu wa pwani wanaiishi bila kusoma risala yake: watu hujaa matangani kwa kuwa kila aliyekaa juu ya ule mkeka naye amewahi kuzika.

Masufi walikwenda upande mwingine kabisa. Hasan al-Basri, aliyeishi kati ya mwaka 642 na 728, alijulikana kwa uso wake wa majonzi, kama mtu aliyetoka makaburini sasa hivi. Al-Qushayri wa Nishapur aliitengea huzn mlango wake katika risala yake mashuhuri ya usufi, na Abdullah al-Ansari wa Herat, aliyefariki mwaka 1089, aliihesabu miongoni mwa vituo 100 vya msafiri wa kwenda kwa Mungu. Kwao huzuni ilikuwa elimu: moyo unaosikitika kwa makosa yake umeamka.

Kitabu cha al-Ansari chenye vituo hivyo kilipata mfafanuzi hodari, Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, na hapa alimpinga mwalimu aliyekuwa akimfafanua. Alisema kuwa Kurani haikuamrisha huzuni popote. Imeitaja ama kwa kuikataza ama kwa kuikanusha. Huzuni humsimamisha msafiri, na Shetani hana alipendalo kama kumsimamisha mja. Akakumbusha kwamba Mtume alikuwa akijikinga nayo katika dua, pale anapoomba ulinzi dhidi ya hamm na hazan, umbo jingine la huzn: hamm ni dhiki ya linalokuja, hazan ni maumivu ya lililopita. Akaikataa riwaya inayodai kuwa Mtume alikuwa mtu wa huzuni zisizokatika, kwa kuwa sifa iliyothibiti ni kwamba alikuwa mwingi wa tabasamu.

Kwa haraka mtu anaweza kudhani Ibn al-Qayyim yuko pamoja na mkemeaji wa msibani. Hayuko. Mtu hujikinga kwa Mungu dhidi ya ugonjwa na deni pia, na hakuna asemaye kuwa kuugua ni dhambi. Anachokataa Ibn al-Qayyim ni huzuni kufanywa daraja la kutafutwa na kukaliwa. Ni mtihani, na mwenye kutahiniwa anastahili kusaidiwa atoke. Zaidi ya hapo, hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim inawakataza watu wawili kunong'onezana mbele ya wa tatu, na sababu iliyotolewa ni hiyo tu: jambo hilo litamhuzunisha. Dini iliyoweka adabu ya mazungumzo ili mtu mmoja asipate huzuni ndogo ya kutengwa, haiwezi kuwa ndiyo inayomtenga mwenye huzuni kubwa.

Waarabu Wakristo nao wanaishi na neno hilihili. Katika Biblia ya Kiarabu iliyokamilishwa Beirut mwaka 1865, heri ya pili ya mahubiri ya mlimani inawapa wenye huzn ahadi ya kufarijiwa, na Ijumaa Kuu katika nchi za Sham huitwa pia Ijumaa ya Huzuni. Kwa Mashia, huzuni ya tarehe 10 Muharram mwaka 61 wa Hijria, siku aliyouawa Imam Husein huko Karbala, ni ibada yenye majlisi na machozi. Mashia Ithnaasheri wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa huiadhimisha kila mwaka. Masuni hawakubaliani nao juu ya namna ya kuomboleza. Lakini chimbuko la machozi yenyewe, kumpenda mjukuu wa Mtume, halina mgogoro.

Aliyelikata fundo hili kwa namna inayofaa zaidi zama hizi ni tabibu. Abu Zaid al-Balkhi, mwanafunzi wa al-Kindi, alizaliwa karibu na Balkh, katika Afghanistan ya leo, na akafariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, chenye sehemu moja ya mwili na sehemu moja ya nafsi, kwa sababu aliwalaumu matabibu wa wakati wake kwa kutibu mwili peke yake. Sehemu ya nafsi ilikuja kuwafikia wasomaji wengi zaidi kwa Kiingereza mwaka 2013, kwa kazi ya mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri.

Al-Balkhi anagawa huzn mafungu mawili. La kwanza lina sababu inayojulikana: mtu amefiwa, amepoteza mali, amekosa alichokitumainia. Tiba yake ni fikra na maneno, ya mtu mwenyewe na ya wenzake, na anashauri fikra hizo ziwekwe akiba mtu akiwa mzima, kama dawa zinavyowekwa nyumbani kabla ya ugonjwa. La pili halina sababu inayojulikana. Mtu anavamiwa na dhiki isiyokoma, inamwondolea nguvu ya kutenda na ladha ya kila kilicho kitamu, naye hajui imetoka wapi. Huyo, anasema al-Balkhi, ugonjwa wake chanzo chake ni mwilini, katika damu, na lazima atibiwe mwili pamoja na kuliwazwa kwa maneno.

Maelezo yake juu ya damu yamepitwa na wakati. Mgawanyo wake haujapitwa. Miaka 1,100 iliyopita, Mwislamu aliyesoma falsafa na tiba aliona kwamba kuna huzuni isiyotoka kwa mawaidha, na hakumwambia mgonjwa wake kuwa amepungukiwa na imani. Leo, katika miji ileile ambamo neno la Kiarabu linajulikana kwa kila mtoto, mgonjwa wa namna hiyo huzungushwa kwa waganga, huambiwa azidishe sala, au huitwa mvivu, na akipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili, iwe Kidongo Chekundu huko Unguja, Mirembe huko Dodoma au Mathari huko Nairobi, jamaa huona haya kutaja alipo. Sala ni haki yake na haimzuii kupata tiba. Yaakub alimshitakia Mungu na papo hapo akawatuma watu njiani.

Hukumu ya suala hili, basi, iko wazi vya kutosha kwa anayetaka kuifuata. Huzuni haikuamrishwa na haikuharamishwa. Ni maumivu, na mitume waliyapata. Dini imeuwekea mipaka ulimi na mkono wa mwenye huzuni, na moyo wake imeuachia Mola wake. Neno la kumwambia asihuzunike ni halali kwa yule tu ambaye amekuja na kitu: maji, chakula, nauli ya kwenda hospitali, masaa ya kukaa naye kimya, au msaada wa kulea mayatima baada ya arubaini kupita na wageni kuondoka.

Maimamu na walimu wa madrasa wanaoisomesha Sura Yusuf wangefanya vyema kulisimamisha darasa kwenye aya ya 84 mpaka ya 87, na kuwaeleza watoto ni nani aliyekemea pale na ni nani aliyelia. Na anayekwenda msibani leo au kesho, akimkuta mama analia, amwache alie. Akae karibu naye.